Kwa mnaoanza ushairi wa enzi ya Victoria: Darwin mwacheni kwanza

Nimemaliza kusahihisha rundo la insha za muhula huu, na kwa mara nyingine Alfred Tennyson, mshairi Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria, kalizwa na Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuko. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hapa tugombane kidogo.

1. Tarehe kwanza. Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu nililifanya mbele za watu. Nikiwa mwaka wa pili nilipangiwa kuwasilisha In Memoriam, shairi refu la Tennyson la kumlilia rafiki yake, kwenye semina. Nilikesha nikijiandaa, ila nilichokesha nacho ni noti za mtandaoni. Shairi lenyewe, lenye sehemu 131 ukiacha utangulizi na hitimisho, nililirukaruka. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti ya mgombea ubunge kwamba Tennyson alimsoma Darwin, imani ikamtoka, ndipo akaomboleza vile. Mhadhiri aliniacha nimalize. Kisha akauliza kwa upole: shairi lilichapishwa lini? 1850. Na On the Origin of Species, kitabu cha Darwin chenye nadharia hiyo? Ulimi ukawa mzito. 1859. "Kumbe mzee alikuwa anapiga ramli," akasema, na darasa likaangua kicheko. Hadi muhula unaisha niliitwa Ramli.

Kicheko nilikizoea. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwamo ndani ya shairi. Fungueni sehemu ya 55: mshairi anaona maumbile hayajali uhai wa mmojammoja, lakini yanaonekana kulinda aina nzima ya viumbe. Sehemu ya 56 inamkatalia papo hapo: kutoka kwenye genge na mawe ya machimbo, maumbile yanapaza sauti kwamba aina elfu zimeshatoweka. Mawe ya machimbo! Hivyo ni visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika mweambani. Hiyo ni jiolojia, ni mwanajiolojia Charles Lyell, ambaye Principles of Geology, kitabu chake, ilitoka kati ya 1830 na 1833, na Tennyson aliisoma katika miaka hiyohiyo ya 1830. Arthur Hallam, rafiki anayeliliwa, alifia Vienna mwaka 1833 akiwa na miaka 22 tu. Kwa hiyo Tennyson ana misiba miwili: amefiwa na mtu wake, halafu mawe yanamwambia kwamba hata jamii nzima ya viumbe inaweza kufutika bila mtu kuuliza. Hapo ndipo uchungu wa shairi ulipo, nami nilikuwa nao mkononi, nikaenda kumkopa Darwin.

2. Vina. Ninyi mmelelewa na tarbia, masikio yenu yanajua zaidi ya mnavyodhani. Ubeti wa In Memoriam una mishororo minne: wa kwanza na wa nne vina vyake vinalingana, wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Msiandike "mshairi ametumia vina" mkapita. Semeni kwamba kila ubeti unamalizikia kwenye kina ulichoanza nacho, katika kazi ya mtu aliyeibeba huzuni hiyo miaka 17 kabla ya kuichapisha.

3. Mkichambua "Remember", shairi la mishororo 14 la mshairi Christina Rossetti, fikeni mshororo wa mwisho. Wengi mnaishia kwenye minane ya mwanzo, nikumbuke, nikumbuke, basi. Baada ya hapo anageuka: ukinisahau kidogo usijilaumu, bora usahau utabasamu kuliko ukumbuke uhuzunike. Na acheni kumwita mjane. Aliiandika 1849, hajatimiza hata miaka 19, na hakuolewa maisha yake yote.

4. Emily wako wawili. Mmoja ni dada yake Tennyson, aliyekuwa mchumba wa Hallam. Mwingine ni Emily Sellwood, aliyeolewa na Tennyson mwaka 1850. Safari hii kuna mtu kamwoza Tennyson dada yake. Simtaji, namwombea tu.

5. Thomas Hardy: yale mashairi ya kumlilia mkewe Emma ni ya 1912 na 1913, na Malkia Victoria alifariki 1901. Yatawaliza, najua, lakini swali la insha linasema enzi ya Victoria.

Rasimu nizipate kabla ya Ijumaa. Na anayetaka kumleta Dante Gabriel Rossetti, mshairi kaka yake Christina, aliyemzika mkewe 1862 pamoja na daftari la mashairi kisha mwaka 1869 akaruhusu kaburi lifukuliwe alitoe, alete na uchambuzi wa shairi mojawapo. Udaku mtupu siusahihishi.