Dada wa Lindi, weka hilo bomba la sindano chini kwanza

Dada yangu, viputo vya hewa tutavizungumza baadaye. Umeandika kwamba paka wako ana kisukari, insulini ya mifugo uliyoletewa kutoka nje imekwisha, umenunua ya binadamu hapo Lindi mjini, na mabomba ya sindano yenye kifuniko chekundu bado unayo nusu pakiti. Unauliza viputo vinatolewaje, paka achomwe wapi, na umeme ukikatika dawa uiweke wapi. Hayo mabomba mekundu ndiyo yaliyotaka kuniulia paka wangu Sultani hapa Mikindani!

Soma lebo ya kichupa sasa hivi. Ukiona 100 IU/ml, maana yake kila mililita ina yuniti 100. Bomba lenye kifuniko chekundu mistari yake imepigwa kwa insulini ya 40, yaani yuniti 40 kwa mililita. Ukivuta ya 100 humo, kila yuniti moja unayoisoma kwenye mstari ni yuniti mbili na nusu mwilini mwa paka.

Mimi nilivuta mpaka mstari wa 2 kama nilivyozoea. Nilijua nampa Sultani yuniti 2, kumbe nimempa 5. Na niliuliza, wallahi niliuliza! Muuzaji wa duka la dawa akaniambia, "Sindano ni sindano tu kaka, mstari ni mstari." Mtu kavaa koti jeupe, rafu nzima ya dawa iko nyuma yake, utambishia kwa lipi? Mpaka leo nikipita pale hasira zinanipanda. Kama hujui sema hujui, niende kwa mwingine. Na wale wa kuniuliza kwa nini nahangaikia sukari ya paka, huyu alilala miguuni kwa mama yangu mpaka siku mama alipofariki. Sitamtupa.

Nilimchoma saa moja jioni. Saa nne usiku nikasikia kitu kinagonga miguu ya meza. Ni yeye, anayumba, miguu ya nyuma inamponyoka, kichwa kinatikisika. Akaanguka ubavu, akakakamaa. Bahati daktari wa mifugo alipokea simu. Akasema mpake asali kwenye fizi, usimmiminie mdomoni, itamwingia mapafuni. Nikachovya kidole, nikasugua fizi za juu, meno yake yanagongana na ukucha wangu. Nikasugua, nikachovya, nikasugua, mpaka ulimi ukatoka ukakilamba kidole. Hatukulala. Dawa ilikuwa bado inafanya kazi mwilini na sukari ingeweza kushuka tena, kwa hiyo nikawa nampa samaki kidogokidogo hadi alfajiri, kulipokucha nikampeleka kwa daktari.

Kwa hiyo namba ya kichupa na namba ya bomba LAZIMA zilingane. Dawa ya 100, bomba la 100. Dawa ya 40, bomba la 40. La 100 kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa, lakini usitegemee rangi peke yake, soma maandishi ubavuni mwa bomba. Ukikosea upande wa pili, dawa ya 40 kwenye bomba la 100, paka anapata chini ya nusu ya dozi, na utamwona anakunywa maji na kukojoa kutwa kucha kama hajachomwa kitu.

Ukienda kununua ya 100, hesabu na mistari. Kwenye mabomba mengi ya mililita 1, mstari mdogo mmoja ni yuniti 2, na hapo huwezi kupima dozi ya paka. Ulizia ya mililita 0.3, ikiwezekana yenye mistari ya nusu yuniti.

Viputo: kichupa kikiwa juu chini, vuta polepole, gonga bomba kwa ukucha, hewa irudishe kichupani, uvute tena. Kama dawa yako ni nyeupe kama maziwa, iviringishe viganjani kabla ya kuvuta, usiitikise.

Halafu usihamishie dozi ya ile dawa ya zamani kwenye hii. Insulini ikibadilika, dozi inapangwa upya na daktari wa mifugo. Mpigie leo.

Piga picha lebo ya kichupa na ubavu wa bomba vikiwa pamoja, uweke hapa kabla hujamchoma jioni hii. Nasubiri. Pa kumchoma na pa kuweka dawa umeme ukikatika tutazungumza baada ya hapo.