Chui watatu tuwaiteje? Maswali yenu wiki hii

Waingereza wana jina maalumu la kundi la chui. Letu ni lipi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro)

Mwalimu, hatuna, na nakusihi usiwatungie watoto. Jina hilo la Waingereza limo katika kitabu cha uwindaji kilichochapwa mji wa St Albans mwaka 1486, kwenye orodha ndefu yenye hata majina ya makundi ya majaji na watawa. Uingereza yenyewe haikuwa na chui porini! Waungwana walijifunza maneno hayo waonekane wanajua kusema. Sisi tunasema bumba la nyuki kwa sababu nyuki hushikamana kweli. Chui hutembea peke yake. Ukikuta watatu, karibu kila mara ni mama na wanawe, ambao hukaa naye mpaka mwaka mmoja na nusu au miwili. Waandike hivyo: chui na watoto wake.

Na pweza? (Msomaji, Tanga)

Baharini kila mmoja ana pango lake. Jike akitaga hulinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Wakiwa wengi mkononi mwa mvuvi, huo ni mtungo wa pweza.

Masai Mara niliona duma wawili wakiwinda pamoja. Si hukaa peke yao? (Msomaji, Nakuru)

Jike ndiye hukaa peke yake, au na watoto. Madume hushirikiana kulinda eneo, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, wawili au watatu. Huko huko Mara palikuwa na watano waliojulikana kama Tano Bora. Hao waite kundi bila wasiwasi.

Je, potwe (papa wakubwa wenye madoa) wa kisiwa cha Mafia ni kundi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali zuri sana hili. Kuanzia Oktoba hadi Machi potwe huonekana wengi karibu na Kilindoni, wakifuata uduvi. Lakini watazame vizuri: kila mmoja amepanua kinywa akichuja maji, anakwenda upande wake, hamfuati mwenzake. Hakuna kiongozi wala safu. Kilichowaleta pamoja ni chakula tu. Msimu ukipita hawaonekani juu, ingawa vifaa vya kuwafuatilia vimeonyesha wengi hubaki jirani, kwenye maji ya kina zaidi. Mimi husema mkusanyiko wa potwe, na ningependa waongoza watalii nao waseme hivyo, maana mgeni akisikia "kundi" hudhani ni familia.