Salfa imetuliza bamia, mbona nyanya zinazidi kukauka?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima bamia na nyanya huku Ndanda, Mtwara. Bamia zilishika unga mweupe, nikapuliza salfa iliyobaki kwenye mikorosho, zikatulia. Nyanya zina madoa ya kahawia yenye miviringo na salfa haikufua dafu. Nasikia mmea una kinga yake. Mbona ya nyanya haifanyi kazi?

JIBU: Marahaba. Inafanya kazi, ila adui uliye naye anafaidika nayo.

Magonjwa yako yote mawili huletwa na kuvu. Mwili wa kuvu umezungushiwa ukuta wenye kitini, kitu kile kile kinachokaza gamba la kaa na kamba wa Mikindani. Mmea hauna kitini, kwa hiyo ikionekana kwenye jani, mgeni ameingia. Kimeng'enya cha mmea kiitwacho kitinesi huukatakata ukuta huo, na vipande vinavyodondoka ndivyo vinavyopiga mbiu. Ndani ya dakika chache seli humwaga haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda. Humdhuru kuvu, na pia husaidia kugandisha lignini, kitu kinachokaza miti, ili kuta za seli ziwe ngumu.

Kutoka hapo njia zinaachana. Ubwiri unga, yaani kuvu wa ule unga mweupe wa bamia, hula seli hai tu: hutanda juu ya jani na kutumbukiza vinyonyeo kwenye seli za ngozi yake. Dhidi yake mmea hutumia asidi ya salisiliki, ndugu wa aspirini. Seli iliyovamiwa hujiua, kuvu hukosa chakula. Na kwa kuwa mwili wake uko nje, salfa humpata.

Madoa yako ya miviringo yana dalili zote za bakajani tangulia, kazi ya kuvu aitwaye Alternaria. Huyu hula mizoga. Hutanguliza sumu (ule ukingo wa manjano kuzunguka doa), seli zikifa ndipo anakula. Seli ikijiua, imemwandalia karamu! Hapa mmea huhitaji zaidi njia ya asidi ya jasmoniki, inayoamsha protini za kumzuia kuvu. Njia hizi mbili mara nyingi hubanana. Moja ikipamba moto, nyingine hufifia.

Tena ulinzi wote huo hugharimu sukari. Nyanya iliyobeba sana huyanyima majani ya chini, na hiyo ni sababu mojawapo ya madoa kuanzia huko.

Kwa hiyo usiache nyanya zikae na njaa ya mbolea wakati wa kubeba. Ondoa majani yanayogusa udongo uyachome, tandaza nyasi kavu, mwagilia shinani. Kiuatilifu chenye shaba kinafaa kabla madoa hayajaenea, nawe uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye lebo. Msimu ujao usirudishe hapo nyanya, biringanya wala nyanya chungu. Salfa itunzie bamia, na uipulize asubuhi na mapema, maana jua kali likiikuta kwenye majani huyaunguza.