Neno knowledge tulikate wapi?

SUALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mie nachapa kazi za watu kwenye duka la stesheneri hapa Wete, juzi nimemchapia kijana mmoja wa chuo insha yake ya Kiingereza, neno knowledge likawa halienei mwisho wa mstari nikalikata know-ledge, basi kairudisha kazi anasema nimemharibia, kamusi yake imeandika knowl-edge. Nani yuko sahihi? Na zile nukta wanazotia katikati ya neno kwenye kamusi ni za nini, na hilo neno lenyewe maana yake elimu au ujuzi?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Nyote mko sahihi, na kazi hiyo hukuiharibu hata kidogo.

Zile nukta zinakuonesha pahala unaporuhusiwa kulikata neno mstari ukiisha, kutamka kuna alama zake nyengine pembeni. Sasa Wamarekani wanafata sikio, wao wakisema "nolij" ile l inagandana na sauti ya mwanzo, ndo wanakata knowl-edge. Kamusi za Uingereza kwa desturi zinaangalia zaidi neno limeundwaje, know imo nzima mle ndani basi wanaiacha nzima.

Linalotutia tabu sisi ni kwamba silabi ya Kiswahili karibu siku zote inaishia na irabu, ki-ta-bu, ma-a-ri-fa, mtoto wa darasa la kwanza anakukatia bila kufikiri, kwa hivyo mkono wetu unataka kukata Kiingereza vile vile na Kiingereza hakikubali. Tizama record. Ikiwa ni jina, yaani rekodi, kamusi inakata rec-ord, lakini ikiwa ni kitendo cha kurekodi inakuwa re-cord kwa sababu mkazo umehamia silabi ya pili, na present nayo ndo hivyo hivyo. Yaani mpaka ujue neno lina maana gani katika sentensi ile ndo ujue pa kulikata, na hili naomba wachapaji wote mlishike maana hapa ndo kazi nyingi zinapoharibika. Maneno ya silabi moja kama through na strength hayakatwi kabisa hata yawe marefu vipi, na usiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, about usiikate a-bout.

Maana yake: knowledge ni yale mtu anayoyajua, ama kwa kusoma ama kwa kuyapitia mwenyewe, kwa hivyo maarifa ndo iko karibu zaidi. Elimu ya skuli mara nyingi ni education, na ujuzi wa mikono ni skill. Ila ukikuta to my knowledge usitie maarifa, hapo ni "nnavyojua mie". Na kwa kawaida halina wingi, knowledges usiichape hata mteja kaiandika, muulize kwanza.

Kwa huyo kijana, angalia tahajia yake nyengine. Akiwa kaandika colour na centre yuko upande wa Uingereza, muachie know-ledge. Akiwa kaandika color na center mpe knowl-edge yake, kazi moja isichanganye. Kwenye kompyuta chagua lugha ya waraka kabla hujaanza, Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, au zima ukataji kabisa upange maandishi kushoto, neno lisiloenea litashuka zima mstari wa chini.