Aperitivo si juisi: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nifanyeje kinywaji kiwe kitamu zaidi? Jibu langu halijabadilika. Aperitivo hunywewa kabla ya chakula cha jioni, na kazi yake ni kuamsha hamu ya kula. Kiwe kichungu, kiwe baridi, kiwe chepesi. Anayetaka utamu asubiri keki. Haya, tuanze.

Nimefuata vipimo vya Spritz neno kwa neno, soda nimeweka, lakini imetoka tamu kama juisi ya pakiti. Nimekosea wapi? (Dar es Salaam)

Soda gani? Nadhani naijua: Sprite. Vipimo vya Kiitaliano vikitaja soda vinataka maji ya gesi matupu, yasiyo na sukari wala ladha. Sprite, Stoney, hata toniki, zote zina sukari, na Aperol yenyewe, kile kileo chungu cha Kiitaliano cha rangi ya chungwa, imekuja na sukari yake ya kutosha.

Vipimo vyenyewe ni hivi: prosecco (mvinyo wa povu wa Italia) mililita 90, Aperol 60, maji ya gesi 30. Jaza barafu hadi ukingoni kwenye glasi kubwa ya mvinyo, tangulia na prosecco, fuatisha Aperol, malizia maji ya gesi. Mpangilio huo una sababu. Ukianza na Aperol hutuama chini kwa uzito wa sukari yake, utalazimika kukoroga, na kila unapokoroga gesi inatoka. Prosecco ikitangulia, Aperol inashuka ikijichanganya njiani. Ingiza kijiko kirefu, kinyanyue mara moja kutoka chini, inatosha. Halafu kipande cha chungwa, si limau. Na pima kwa toti ya mililita 30: tatu za prosecco, mbili za Aperol, moja ya maji. Jicho halipimi, hasa ikifika glasi ya tatu.

Aperol na Campari si kitu kimoja? (Mwanza, Nairobi, Arusha, na wengine wengi)

Jamani, someni chupa. Aperol, iliyoanzia Padova mwaka 1919, ina kileo asilimia 11. Campari, ya mwaka 1860, inauzwa Italia ikiwa na asilimia 25, na ni chungu zaidi kwa mbali. Kampuni inayozimiliki leo ni moja, ndiyo, lakini huwezi kutoa hii ukaweka ile kwa kipimo kilekile. Spritz ya Aperol ina takriban mililita 16.5 za kileo kitupu. Weka Campari 60 badala yake na utafika 25, yaani sawa na bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Ukitaka Spritz ya Campari, weka 40, ongeza maji ya gesi hadi 50.

Nimenunua prosecco ya "Extra Dry" ili nikwepe sukari. Mbona bado ina utamu? (Kampala)

Kwa sababu lebo inakuchezea shere, na sheria imeiruhusu. Kwenye mvinyo wa povu, "Brut" ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. "Extra Dry" ni gramu 12 hadi 17. "Dry", ambayo mtu angedhani ndiyo kavu kuliko zote, ni 17 hadi 32. Kwa Spritz chukua Brut, maana utamu utaletwa na Aperol. Extra Dry inywe peke yake kama unaipenda.

Ukiwa bado unashika chupa, tazama neno jingine: "spumante" au "frizzante". Zote mbili zinaweza kuitwa prosecco, ila frizzante ina gesi hafifu, na ukiimwaga juu ya barafu inakufa kabla hujakaa. Nunua spumante. Huhitaji ile ya vilima vya Conegliano na Valdobbiadene yenye alama ya DOCG. Ile ya DOC ya kawaida inatosha kabisa kuchanganywa. Anayeficha mvinyo mzuri chini ya Aperol amelipia kitu ambacho hatakionja.

Naweza kutumia shampeni? (Nairobi)

Unaweza. Pesa ni zako.

Nahudumu baa ya hoteli ya pwani. Wageni wetu Waitaliano wanarudisha Americano (si kahawa, ni ile ya Campari na vermuti) wakisema vermuti imekufa. Chupa haijaisha muda wake. Wananionea? (Malindi)

Hawakuonei, kaka. Mji wako una Waitaliano wengi wanaokijua kinywaji hiki tangu kwa babu zao, kwa hiyo usibishane nao, kaichunguze chupa. Nina hakika imesimama rafu ya juu, nyuma ya kaunta, pamoja na jini na konyagi, taa ikiimulika, tangu ilipofunguliwa.

Vermuti ni mvinyo. Kwa sheria za Ulaya angalau asilimia 75 yake ni mvinyo, ukaongezwa kileo na kutiwa mitishamba, pakanga ikiwa ndiyo kiungo chake cha msingi. Kileo chake mara nyingi ni asilimia 15 hadi 18. Jini yenye 40 haijali kukaa wazi, vermuti inajali. Hewa ikiingia, harufu ya mitishamba inafifia kwanza, kisha inakuja ladha ya tufaha lililochubuka, mwisho siki. Joto la Malindi linaiharakisha. Ile tarehe iliyopigwa kwenye lebo ni ya chupa iliyofungwa. Ukishaifungua, hesabu nyingine imeanza.

Fanya hivi. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito kwenye bega la chupa. Irudishe kwenye friji baada ya kila oda, si baada ya zamu. Itumie ndani ya mwezi mmoja; kwa friji nzuri miwili. Kama baa yako haimalizi chupa ya lita kwa muda huo, mwambie meneja anunue ndogo, hata kama bei kwa mililita iko juu, kwa sababu kinywaji kinachorudishwa ni ghali zaidi. Onja nusu kijiko kila unapoanza zamu. Iliyochoka ipeleke kwa mpishi, itamfaa kwenye mchuzi wa samaki au kuku.

Na Americano yenyewe: Campari 30, vermuti nyekundu 30, kwenye glasi fupi yenye barafu, kisha maji ya gesi, na chungwa. Ina kileo kitupu karibu mililita 12, pungufu ya Spritz. Kwa maoni yangu ndicho kinywaji bora cha saa ile, na ndicho kinachoagizwa kidogo kuliko vyote kwa sababu hakipendezi sana kwenye picha.

Assalamu alaykum. Nyumbani kwetu hatunywi pombe, lakini binti yangu amealika wenzake wa kazini na anataka meza ya aperitivo. Juisi ya embe itafaa? (Unguja)

Waalaykumu salaam, mama. Juisi ya embe itawashibisha kabla ya sambusa ya kwanza. Na msijione mnaazima kitu kisichowahusu: karibu kila baa ya Italia ina vichupa vidogo vya aperitivo visivyo na kileo, Crodino yenye rangi ya chungwa na Sanbittèr nyekundu, na watu huviagiza bila kuulizwa sababu. Mkivipata, mimineni juu ya barafu na kipande cha chungwa, basi.

Msipovipata, chukueni gramu 10 za rosela kavu, mimina mililita 300 za maji yanayochemka, subiri dakika 10, chuja, weka kwenye friji bila sukari. Kwenye glasi yenye barafu weka rosela 60, toniki 90, punje chache za chumvi, na ganda la chungwa lililokamuliwa juu yake ili mafuta yake yaruke. Kwinini ya toniki ndiyo inayoleta uchungu, rosela inaleta ukali na rangi. Sukari ya toniki inatosha. Mtu akidai zaidi, mnyimeni.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: mhudumu wa baa akikwambia kinywaji "hakina pombe" kisha akadondoshea Angostura, yale matone machungu ya mitishamba, matone hayo yana kileo asilimia 44.7. Ni matone, lakini kwa asiyetumia ni haki yake kujua. Uliza kabla. Ya pili: wengine hutumia juisi ya balungi badala ya rosela. Ladha yake ni nzuri sana, ila balungi huingiliana na baadhi ya dawa za kolesteroli na za presha, hadi dawa ikazidi mwilini. Mgeni anayetumia dawa hizo apewe rosela iwapo tu daktari au mfamasia wake hana neno. Kama hana hakika, maji ya gesi na chungwa yanatosha.

Limoncello, kile kileo kitamu cha limau, je? (Mombasa)

Baada ya chakula. Na grappa (pombe kali ya zabibu), na amaro nyingi (vileo vichungu vya mitishamba), vivyo hivyo.

Negroni ni aperitivo au ni pombe ya usiku? Mume wangu anakunywa tatu kabla ya chakula na kusema ndivyo Waitaliano wanavyofanya. (Dodoma)

Ni aperitivo, dada yangu, lakini moja. Inasimuliwa kwamba mwaka 1919 huko Florence mwungwana mmoja, Camillo Negroni, aliomba Americano yake itiwe jini badala ya maji ya gesi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayomponza shemeji yetu. Jini 30, Campari 30, vermuti 30: kileo kitupu kama mililita 24. Tatu ni sawa na bia tatu za nusu lita, tumbo tupu, ndani ya saa moja. Waitaliano hawafanyi hivyo.

Mpe Sbagliato, ile ya Bar Basso ya Milano: Campari 30, vermuti 30, na mvinyo wa povu 30 badala ya jini. Rangi ni ileile, uchungu ni uleule, kileo kinashuka hadi karibu mililita 16. Akilalamika kwamba haina nguvu, basi alikuwa hatafuti aperitivo.

Niko Brescia kikazi. Hapa wananiletea kitu wanakiita pirlo, si Spritz ya Aperol niliyoizoea. Wananibania? (Brescia, Italia)

Wamekupa kinywaji cha kwao: mvinyo mweupe usio na povu, Campari na maji ya gesi. Hiyo ya 3-2-1 iliyoenea duniani ni mtoto tu katika ukoo huu. Asili yake ni mvinyo wa Veneto uliozimuliwa kwa maji enzi za utawala wa Austria, na ukifika Trieste, ukaomba Spritz bila maelezo, unaweza ukaletewa mvinyo na maji ya gesi pekee. Venezia wanapendelea Select, kileo chungu cha kwao, ya mwaka 1920, asilimia 17.5, na huipamba kwa zeituni ya kijani yenye maji ya chumvi. Kunywa cha mji ulipo.

Nimeandaa pilau, mishikaki na kachumbari kwa ajili ya aperitivo. Nitumie kinywaji gani? (Tanga)

Maji. Hicho ni chakula cha jioni, na kinaonekana kizuri. Aperitivo inataka vitu vya kuokota kwa vidole, vyenye chumvi: zeituni, korosho za kukaanga, krispi za viazi au za muhogo, vipande vya jibini ngumu. Chumvi hupunguza makali ya uchungu ulimini, ndiyo maana Campari ikimshinda mtu, mpe zeituni kwanza kabla hujamwongezea sukari. Pilipili nyingi epuka. Pamoja na uchungu na gesi, mdomo unawaka.

Barafu inayeyuka haraka, kinywaji kinakuwa maji. Niweke kidogo? (Dar es Salaam)

Kinyume chake, jaza. Vipande vitatu kwenye kinywaji chenye joto vinayeyuka mara moja. Glasi iliyojaa inapooza upesi kisha inatulia. Tumia vipande vikubwa, vikavu, vilivyotoka friza sasa hivi, si vile vinavyoogelea ndooni. Prosecco nayo iingie ikiwa baridi tayari: saa tatu kwenye friji, au nusu saa kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji. Barafu peke yake bila maji haigusi chupa vizuri. Usiiweke friza ukaisahau, itapasuka. Na kama barafu yako inalala na changu na kibua, ifunge kwenye mfuko, la sivyo Spritz itanuka soko la samaki la Feri.

Wageni 12, Spritz mbili kila mmoja. Ninunue nini? (Kigali)

Prosecco lita 2.16: chupa tatu za mililita 750 zinatosha kwa hesabu, lakini povu humwagika, chukua nne. Aperol lita 1.44: chupa mbili za mililita 700 zitakupungukia 40, kwa hiyo moja iwe ya lita. Maji ya gesi lita moja na nusu, yafungue kidogo kidogo. Machungwa manne. Barafu kilo 10, nusu ya glasi, nusu ya kupoozea chupa. Wanaoendesha gari watengee rosela mapema.

Prosecco ikibaki, ni kweli kijiko cha fedha shingoni mwa chupa kinazuia gesi kutoka? (Nairobi)

Hakizuii chochote. Nunua kizibo cha kubana cha mvinyo wa povu, weka chupa kwenye friji ikiwa imesimama, imalize kesho yake. Keshokutwa tia kwenye mchuzi.