Kuendesha Ferrari F355 kwa mara ya kwanza

Ndugu, umeuliza utarajie nini utakapokabidhiwa F355 ya gia za mkono, na uiendesheje bila kuiumiza.

Kwanza, usiwe na haraka. Mafuta ya gia yakiwa ya baridi, namba mbili huwa ngumu sana kuingia, usiilazimishe. Toka na moja, ruka hadi tatu, mpaka gia zilainike. Zikishapata moto, mkono wa gia unavyogonga kingo za njia zake za chuma ni raha tupu.

Injini ni V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 3.5, valvu tano kila silinda, nguvu farasi 380, lakini zinapatikana kwenye mizunguko 8,250 kwa dakika. Ukiiendesha chini ya 4,000 utaiona ya kawaida tu. Ipandishe taratibu, na ikivuka 6,000 sikiliza: mlio unageuka kabisa, mkali na safi. Kwangu mimi hakuna V8 inayolia vizuri hivyo.

Usukani uko wazi, utahisi kila kokoto. Breki zikanyage mapema.

Ukivutiwa hadi kutaka kununua, uliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu zifunguke kwa wakati wake, ulibadilishwa lini. Kazi hiyo inahitaji kushusha injini nzima.