Maswali ya Wasomaji: Fyuzi ya Betri, Plagi ya Pande Mbili na Ardhi ya Lava

SWALI: Ndugu mhariri, nyumbani kwetu Himbi, hapa Goma, tuna paneli mbili za sola, betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani) ya wati 1,500. Betri iko barazani ndani ya sanduku la mbao, inveta iko sebuleni, na kati yao kuna mita nne za waya wa milimita za mraba 10. Fundi aliweka fyuzi ya gari ya ampea 30, lakini kila mara binti yangu alipochomeka pasi, fyuzi iliungua. Mara ya tatu fundi alisokota uzi wa shaba na kuuweka mahali pa fyuzi. Tangu hapo pasi inafanya kazi, ingawa inveta hulia na waya hupata joto. Je, kuna hatari?

JIBU: Mama, hatari ipo, tena ni kubwa. Zima inveta leo, uzi huo uondolewe, na inveta isiwashwe tena mpaka kazi irekebishwe.

Tuanze na pasi. Pasi ya wati 1,000 ikipitia inveta inayopoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu, huku betri ikiwa imeshuka hadi volti 11, huvuta takriban ampea 100. Fyuzi ya ampea 30 haikuwa na budi kuungua, na kwa kuungua ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Kosa lilikuwa kuchaguliwa kwake, si kuungua kwake. Uzi wa shaba, kwa upande mwingine, hauna kipimo chochote. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, ilhali ganda la plastiki la waya wa kawaida limetengenezwa kustahimili nyuzi 70 tu, na kwa hiyo mzigo ukizidi, ganda linaweza kulainika na kushika moto juu ya mbao zako kabla ya uzi huo kukatika.

Watu wengi, wakiwemo mafundi wenye uzoefu, hudhani kwamba fyuzi inalinda inveta au betri. Fyuzi hulinda waya. Ndiyo maana hupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja: iwe kubwa kuliko mkondo ambao mzigo unavuta kihalali, na iwe ndogo kuliko mkondo ambao waya unaweza kuubeba bila kuungua. Inveta yako ikifanya kazi kwa nguvu zake zote itavuta takriban ampea 150. Tukiongeza robo juu yake tunafika karibu ampea 190, na fyuzi inayopatikana iliyo karibu na hapo ni ya ampea 200. Fyuzi hiyo inahitaji waya wa shaba wa milimita za mraba 50. Waya wako wa 10 haustahili fyuzi inayozidi ampea 60 hivi, na kwa fyuzi hiyo utawasha taa, televisheni na simu bila wasiwasi, lakini pasi uisahau.

Umbali nao unakuibia. Mita nne kwenda na nne kurudi ni mita nane za shaba, na kwa waya wa 10 unaobeba ampea 150, volti mbili hivi hupotea njiani, yaani zaidi ya wati 300 zinageuka kuwa joto ukutani. Inveta inapolia, inalalamika kwamba volti zinazoifikia ni chache, hata kama betri imejaa. Sogeza inveta karibu na betri, mita moja au pungufu, kisha mita zilizobaki zivukwe na waya mwembamba wa volti 220, ambao hubeba ampea chache tu. Hata hivyo usiifungie ndani ya sanduku lilelile: betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche ndogo inatosha kuilipua. Sanduku litobolewe matundu juu na chini.

Fyuzi mpya ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye ncha ya betri. Ukiiweka upande wa inveta, mita zote zilizo kati yake na betri zinabaki bila mlinzi, na betri ya ukubwa huo ikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea. Kwa sababu hiyohiyo nunua fyuzi ya aina ya ANL au MEGA, yaani fyuzi kubwa za mkondo mkubwa wa betri, yenye kishikio chake, si fyuzi ndogo ya gari, na usikubali swichi ya kujikata iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani pekee. Mkondo wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa betri haupumziki, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi hadi iyeyuke. Wakati wa kazi, fundi atenganishe paneli na kidhibiti chaji kwanza, ndipo aguse betri. Akirudisha, aanze na betri. Avue pete na saa.

SWALI: Jirani amenishauri nitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili, ili SNEL ikikata nichomeke inveta kwenye soketi na nyumba nzima ipate umeme. Ni sawa? (Msomaji, Katindo)

JIBU: La, ndugu. Plagi ya pili ikitoka ukutani unashika volti 220 mkononi, umeme wako unaweza kutoka nje hadi kwenye waya anaoushughulikia fundi wa SNEL, na SNEL ikirudi inveta inaungua papo hapo. Fundi akufungie swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu (SNEL, zima, inveta), inayokata waya zote mbili.

SWALI: Kiwanja chetu kiko juu ya lava ya mwaka 2002. Nondo ya ardhi, ile inayopeleka umeme uliovuja ardhini, haiingii hata kidogo. Tufanyeje? (Baba wa familia, Goma)

JIBU: Usiipigilie, ilaze. Chimba mfereji mrefu kadiri kiwanja kinavyoruhusu, utandaze waya mtupu wa shaba, kisha uufunike kwa udongo mweusi ulioletwa, si changarawe ya lava, na maji ya paa yaelekezwe hapo. Ongeza kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, kwa kuwa hicho huridhika na ardhi dhaifu, ambayo mvujo wake fyuzi isingeutambua. Lakini soma kwanza kitabu cha inveta: katika zile ambazo waya zake mbili za kutolea umeme hazijaunganishwa na ardhi, kifaa hicho hakitakata hitilafu ya kwanza, na kuunganisha waya mmoja na ardhi bila ruhusa ya mtengenezaji kunaweza kuiua inveta.